Tarakimu Tatu: Imo au Zimo?

Makala haya yanakusudia kueleza istilahi zinazohitajika katika kutaja mifuatano ya namba inayotambulikana kwa tarakimu zilizomo ndani ya namba hizo. Mfano wa mfuatano wa aina hiyo ni huu: 9, 19, 29, 39, 49, 59, 69, 79, 89, 90, 91, 92 na kuendelea, ambao kila namba yake ina tarakimu ya kenda mahali fulani. Mfano wa pili ni kinyume chake, yaani namba zote ambazo tarakimu hiyo haionekani kabisa. Dhana yenyewe ni nyepesi, na mtoto wa darasa la tatu anaweza kuifahamu. Hata hivyo, mfasiri anayejaribu kuiandika kwa Kiswahili hugundua upesi kwamba sentensi yake ina maana mbili, na pengine tatu. Utata huo hauwahusu wanahisabati peke yao. Unamhusu pia mwalimu atungaye mtihani, na mtumishi wa serikali aandikaye waraka au fomu.

1. Maneno manne ya kutenganisha

Kabla ya kuingia katika utata wenyewe, yafaa tukumbushane maana za maneno manne ambayo aghalabu huchanganywa.

Idadi ni wingi wa vitu. Kapu lenye maembe kumi na mawili lina idadi hiyo ya maembe, iwe imeandikwa au haikuandikwa. Namba ni kile tunachokitumia kutaja wingi huo au nafasi ya kitu katika mpango. Tarakimu ni alama ya kuandikia namba. Nazo ziko kumi tu, kuanzia 0 hadi 9. Kwa hiyo 12 ni namba moja iliyoandikwa kwa tarakimu mbili, kama vile neno "la" lilivyo neno moja lililoandikwa kwa herufi mbili. Mfuatano ni namba zilizopangwa kwa kanuni, moja baada ya nyingine, nao usichanganywe na mfululizo, ambao ni jumla ya namba za mfuatano zinapounganishwa kwa alama ya kujumlisha.

Uhusiano wa tarakimu na namba, basi, ni kama ule wa herufi na neno. Mtu asemaye "namba 7" anazungumzia wingi au nafasi. Asemaye "tarakimu 7" anazungumzia alama. Namba 70 ni kubwa mara kumi kuliko namba 7, lakini tarakimu 7 iliyomo ndani yake ni ile ile. Kilichobadilika ni mahali inapokaa, nako kunaipa thamani ya makumi badala ya mamoja.

2. Amri moja, kazi tatu

Tuchukue mfano wa kubuni kutoka Salale, katika Delta ya Mto Rufiji, Wilaya ya Kibiti. Tuseme pana shehena ya boriti za mikandaa iliyowekwa ukingoni, na kila boriti imepigwa namba yake, kuanzia 1 hadi 999. Ofisa anawaandikia makarani wake: "Tengeni boriti zenye namba za tarakimu tatu." Karani wa kwanza anatenga boriti zote kuanzia 100 hadi 999, kwa kuwa namba hizo zimeandikwa kwa tarakimu tatu. Anapata boriti 900. Karani wa pili anatenga kila boriti ambayo alama ya 3 imeonekana juu yake: 3, 13, 23, 30, 31 na kuendelea. Yeye anapata boriti 271.

Nani amekosea? Kwa sarufi ya Kiswahili, wa kwanza ana haki zaidi, lakini wa pili naye hakuvunja kanuni yoyote. Tena ofisa akibadili maneno yake na kuandika "zenye tarakimu ya tatu", akidhani ameondoa utata, atakuwa ameongeza maana nyingine: tarakimu iliyo katika nafasi ya tatu. Karani wa tatu atauliza, nafasi ya tatu kuanzia wapi? Kushoto au kulia?

Jambo baya zaidi ni kwamba kosa la namna hii halionekani kwa urahisi. Boriti 252 zimo katika hesabu ya makarani wote wawili, kwa sababu ni namba za tarakimu tatu na pia alama ya 3 imo ndani yake, kama 137, 305 na 483. Mkaguzi akichagua chache katika hizo atasema kazi ni sahihi. Zile 19 za chini ya mia alizozitenga karani wa pili tu, na zile 648 alizozitenga wa kwanza tu, zitabaki zimefichika. Tukiondoa boriti na kuweka watahiniwa, tutaona kwamba swali la mtihani lililoandikwa vibaya linaweza kumnyima alama mwanafunzi aliyejibu kwa akili timamu.

3. Chanzo cha utata

Utata huu una sababu yake katika ngeli. Mzizi wa kuhesabia vitu viwili ni -wili: watu wawili, miti miwili, vitabu viwili. Katika ngeli ya nomino kama nyumba na meza, mzizi huo hugeuka kuwa mbili: nyumba mbili, meza mbili. Sasa, tunapohesabu bila kutaja kitu, tunasema moja, mbili, tatu, nne, tano. Yaani jina la namba yenyewe lina umbo lile lile linalotumika katika ngeli hiyo. Neno tarakimu nalo limo katika ngeli hiyo hiyo, na halibadiliki katika umoja wala wingi. Kwa hiyo "tarakimu mbili" ni alama mbili za namba, na "tarakimu mbili" ni alama iitwayo mbili.

Laiti neno letu lingekuwa katika ngeli nyingine, shida hii isingekuwapo. Hakuna anayechanganya "miti mitatu" na "mti namba tatu", wala "vyumba vitatu" na "chumba namba tatu". Lakini hatupendekezi neno tarakimu litupwe. Ni neno lililokwisha kuota mizizi katika vitabu vya shule, lina maana moja iliyo wazi, na kulibadilisha kungeleta hasara kubwa kuliko faida. Dawa itafutwe ndani ya lugha, si kwa kubuni neno jipya.

4. Imo na zimo

Dawa hiyo ipo, nayo ni upatanisho wa kisarufi. Nomino tarakimu haionyeshi umoja wala wingi, lakini kitenzi chake huonyesha. Tazama sentensi hizi mbili:

(a) Namba ambazo ndani yake tarakimu tatu zimo.
(b) Namba ambazo ndani yake tarakimu tatu imo.

Ya kwanza inazungumzia alama tatu, kwa kuwa kitenzi kiko katika wingi. Ya pili inazungumzia alama moja iitwayo tatu, kwa kuwa kitenzi kiko katika umoja. Viambishi viwili tu, zi- na i-, vinatenganisha boriti 900 na boriti 271. Ndivyo ilivyo pia katika viashiria: "tarakimu tatu hizi" si sawa na "tarakimu tatu hii". Kadhalika katika kukanusha: "tarakimu kenda haimo" hutaja mfuatano wa namba zisizo na alama ya 9, na hapana msomaji wa Kiswahili atakayeielewa vingine.

Hata hivyo njia hii ina mpaka wake. Kwa tarakimu ya kwanza, yaani 1, upatanisho hausaidii, kwa sababu "tarakimu moja imo" ni umoja kwa maana zote mbili: alama moja yoyote, au alama iitwayo moja. Hapo, na popote pale panapohitajika uangalifu mkubwa zaidi, yafaa kuandika alama yenyewe, "tarakimu 1 imo", na katika kusema tutumie "tarakimu iitwayo moja".

Kwa upande wa urefu wa namba, kihusishi -a kinatosha: "namba ya tarakimu tatu", "namba za tarakimu sita". Na kwa upande wa nafasi, tusitumie kabisa "tarakimu ya tatu". Shule zetu zimekwisha kutupa maneno bora zaidi, nayo ni tarakimu ya mamoja, ya makumi, ya mamia na ya maelfu. Maneno hayo hayaulizi kulia wala kushoto.

5. "Yenye" ina maana ngapi?

Utata wa pili uko katika kivumishi -enye. Tukisema "namba zenye tarakimu 3", tunaweza kukusudia mambo matatu: kwamba 3 imo angalau mara moja; kwamba imo mara moja tu, si zaidi; au kwamba imo peke yake, bila tarakimu nyingine. Kati ya 1 na 999 hesabu zake ni hizi. Namba ambazo 3 imo mara moja tu ni 243. Ambazo imo mara mbili ni 27, kama 33 na 323. Ambayo imo mara tatu ni moja, 333. Jumla yake ni 271, nayo ndiyo hesabu ya "angalau mara moja". Lakini namba ambazo 3 imo peke yake ni tatu tu: 3, 33 na 333.

Mwalimu na aone jinsi neno dogo "tu" linavyoweza kupotosha. "Namba zenye tarakimu 3 tu" huweza kueleweka kuwa ni zile tatu, au kuwa ni zile za mara moja. Tunashauri, kwa hiyo, "tu" isiachwe peke yake mwishoni mwa sentensi ya namna hii. Iandikwe "mara moja tu", au "peke yake".

6. Tarakimu ni mali ya maandishi

Jambo jingine linalompasa mfasiri kulizingatia ni kwamba kuwamo kwa tarakimu si sifa ya wingi wa vitu, bali ni sifa ya namna tulivyochagua kuuandika wingi huo. Biashara ya miti ya mikoko, ambayo kwa muda mrefu imezipeleka boriti za Rufiji kwa majahazi hadi Unguja na nchi za Ghuba, inatupa ushahidi mzuri. Miti hiyo ilizoeleka kuhesabiwa kwa korija, na korija moja ni miti ishirini.

Tuseme pana korija kenda kamili. Aandikaye kwa korija ataandika 9. Aandikaye kwa mti mmoja mmoja ataandika 180, na ile 9 imetoweka, ingawa hapana mti hata mmoja ulioondolewa. Kinyume chake, miti 99 ina kenda mbili katika maandishi ya makumi. Kwa korija ni korija nne na miti kumi na tisa. Mstari unaozitenga namba zenye 9 na zisizo na 9, basi, umechorwa na hesabu yetu ya makumi. Mfasiri anayekutana na mfuatano wa aina hii hana budi kutaja, angalau mara moja mwanzoni, kwamba namba zimeandikwa kwa hesabu ya makumi.

Sikio nalo halisikii tarakimu. Katika "ishirini" hatusikii mbili, katika "thelathini" hatusikii tatu, wala katika "hamsini" hatusikii tano, kwa kuwa majina hayo tuliyapokea kutoka Kiarabu yakiwa yamekwisha kukamilika. Katika "kumi" hatusikii moja wala sifuri. Hata kwa 9 tunayo majina mawili: tisa, lenye asili ya Kiarabu, na kenda, lililo la zamani zaidi, ambalo limehifadhiwa pia katika jina la Wamijikenda wa pwani ya Kenya, yaani watu wa miji kenda. Mwalimu anayelisomesha somo hili kwa mdomo tu atawachosha wanafunzi wake bure. Ubao na chaki ni sehemu ya somo.

7. Je, mifuatano hii ina faida gani?

Huenda msomaji akauliza kama mambo haya si mchezo tu. Ni mchezo kwa sehemu. Lakini mchezo huo umefika mbali.

Tuanze na kalenda. Kuanzia mwaka 1889 hadi mwaka 1999, hapana mwaka hata mmoja uliokosa tarakimu 9. Hiyo ni miaka 111 mfululizo. Ndani yake yameingia mambo mengi ya historia yetu: Vita vya Majimaji vya 1905 hadi 1907, kuonekana kwa manowari ya Kijerumani Königsberg karibu na Salale mwezi Oktoba 1914, na kuzama kwake deltani tarehe 11 Julai 1915, Uhuru wa Tanganyika wa 1961, na sheria ya 1967 iliyoanzisha Baraza la Kiswahili la Taifa. Kisha, mwaka 2000 ulipoingia, 9 ikapotea hadi 2009, ikarudi tena 2019. Katika karne nzima kuanzia 2000 hadi 2099, miaka yenye 9 ni 19 tu. Swali hili peke yake latosha kwa kipindi kizima cha hesabu na historia.

Sasa tuongeze ukubwa wa namba. Chini ya 1,000, tukihesabu na sifuri, namba zisizo na 9 ni 729, yaani 9 mara 9 mara 9. Chini ya 1,000,000 ni 531,441, ambazo bado ni zaidi ya nusu. Chini ya 10,000,000 ni 4,782,969, nazo sasa ni pungufu ya nusu. Kila tunapoongeza tarakimu moja, namba zisizo na 9 zinabakia tisa ya kumi ya sehemu zilivyokuwa. Katika namba za hadi tarakimu mia moja, zisizo na 9 hazifiki hata tatu katika kila laki moja. Kwa hiyo namba zinazoonekana kwetu kuwa za kawaida, kwa kuwa tunatumia ndogo, kwa kweli ni haba mno.

Matokeo yake ni ya ajabu. Tukijumlisha moja, na nusu, na theluthi, na robo, na kuendelea bila mwisho, jumla hukua bila kikomo. Lakini mwaka ule ule wa 1914, mwanahisabati A. J. Kempner alionyesha katika jarida la Marekani kwamba tukiziacha sehemu ambazo asili yake ina tarakimu 9, jumla huwa na kikomo. Hesabu za baadaye zimeonyesha kuwa inakaribia 22.92. Sababu yake inaweza kuelezwa shuleni. Namba za tarakimu moja zisizo na 9 ni 8, na kila sehemu haizidi 1, hivyo zote pamoja hazizidi 8. Za tarakimu mbili ni 72, na kila sehemu haizidi moja ya kumi, hivyo hazizidi 7.2. Za tarakimu tatu ni 648, na hazizidi 6.48. Kila kundi ni tisa ya kumi ya lile lililotangulia, na makundi yote kwa pamoja hayazidi 80.

Karibu na siku zetu, Mwingereza James Maynard alithibitisha kwamba tukichagua tarakimu yoyote na kuikataza, bado namba tasa ambazo tarakimu hiyo haimo hazina mwisho. Kazi hiyo ilichapishwa mwaka 2019, naye mwaka 2022 alitunukiwa Medali ya Fields kwa kazi zake katika nadharia ya namba. Mifuatano yenyewe imekusanywa kama maneno yakusanywavyo katika kamusi. N. J. A. Sloane alianza kuikusanya mwaka 1964, akatoa kitabu cha mifuatano 2,372 mwaka 1973, na tangu 1996 hazina yake imekuwa mtandaoni, ikiwa sasa imepita mifuatano 350,000. Namba zenye tarakimu fulani, na zisizo nayo, zimo katika hazina hiyo kila moja kwa mahali pake.

8. Mapendekezo

Kutokana na maelezo haya, tunapendekeza yafuatayo kwa wafasiri, walimu na watumishi wa serikali:

(i) Urefu wa namba utajwe kwa kihusishi -a: namba za tarakimu tatu.

(ii) Kuwamo kwa tarakimu kutajwe kwa kitenzi cha umoja na, katika maandishi, kwa alama yenyewe: namba ambazo tarakimu 3 imo. Kwa ufupi, baada ya maana kwisha kuelezwa, yaweza kuandikwa "namba zenye 3".

(iii) Kukosekana kwake kutajwe hivi: namba ambazo tarakimu 3 haimo, kwa ufupi, "namba zisizo na 3".

(iv) Nafasi ya tarakimu itajwe kwa mamoja, makumi, mamia na kuendelea, si kwa "ya kwanza, ya pili, ya tatu".

(v) Pale inapohitajika, iongezwe angalau mara moja, mara moja tu, au peke yake.

(vi) Katika kusema, hasa kwa tarakimu 1, itumike "tarakimu iitwayo moja".

Mapendekezo haya hayakuleta hata neno moja geni. Yote yametolewa katika akiba iliyomo tayari ndani ya lugha: -a ya uhusiano, upatanisho wa ngeli, na majina ya nafasi yajulikanayo na kila aliyesoma darasa la pili. Mara nyingi tunapolalamika kwamba Kiswahili kina upungufu wa istilahi, upungufu huo ni wa uangalifu wetu katika kuitumia sarufi tuliyo nayo. Ofisa wetu wa Salale, lau angeandika "tengeni boriti ambazo tarakimu 3 imo katika namba zake", makarani wake wote wangerudi na boriti zile zile 271.

Tunawaomba wasomaji, hasa walimu wa hesabu na watungaji wa mitihani, wayajaribu mapendekezo haya katika kazi zao na kutuletea mifano ya sentensi ambazo bado zina utata, ili zijadiliwe katika kurasa hizi.